Wageni wa Kamene

Mimi Ruqayya binti Ali, wa Majengo hapa Thika, sina subira na mwongo. Wanaonijua wanalijua hilo, na wasionijua hulijua upesi.

Mwaka wa tisini na tisa kuna bwana mmoja wa Nairobi aliniletea ukurasa wake wa intaneti nimtafutie mnunuzi. Ukurasa wa kuuza viatu vya mitumba. Akaniapia kwamba unatembelewa na watu elfu moja kwa siku. Elfu moja, kuangalia viatu vilivyovaliwa! Nikamwambia sawa, nakuja nione. Nikamkuta ofisini kwake ameweka kufuli la mlango juu ya kibodi, limelalia ile batani ya kufungua ukurasa upya. Namba ya wageni chini ya ukurasa ilikuwa inapanda tu, kama mita ya pampu ya petroli. Nilimwambia maneno ambayo mama yangu akiyasikia ataniosha mdomo kwa sabuni. Kisha nikarudi Thika nikaandika jina lake sokoni kwa herufi kubwa, watu wote wamjue.

Soko lenyewe nililiita Soko la Kurasa, nalo lilikuwa ukurasa vilevile. Mtu mwenye tovuti ambayo haitaki tena ananiandikia, mimi naitangaza, na mnunuzi anaiona akiwa Eldoret, Mombasa au huko ng'ambo. Sasa tovuti si shamba, huwezi kuipima kwa hatua. Si duka, huwezi kusimama mlangoni ukaona wanaoingia. Mnunuzi anaambiwa tu, wanakuja wageni kadhaa kwa siku, naye anaamini au haamini. Wageni ndio mali yenyewe, maana wenye matangazo hulipa kulingana na hao. Ndiyo sababu tangazo lolote nililolikagua niliandika chini yake: Nimeona kwa macho yangu. Ruqayya. Bila maneno hayo watu hawakununua, nami nilijivunia maneno hayo kupita kiasi, wacha niseme ukweli.

Nililiendesha soko hilo nikiwa kazini kwa Mzee Kaleli. Mzee alikuwa na saiba mbili, maduka ya kukodisha kompyuta, ya Thika yenye kompyuta nane na ya Ruiru yenye sita. Alinipa kazi nikiwa nimeachika, mtoto mgongoni, mkononi cheti cha kupiga taipu. Hakuniuliza swali hata moja kuhusu ndoa yangu. Aliniuliza kama nimekula.

Mkewe, Kamene, alifariki Novemba ya tisini na saba, katikati ya zile mvua za El Niño. Walimpeleka kumzika kwao upande wa Kitui. Gari la maiti lilivuka daraja asubuhi, na kufikia saa nne daraja lilikuwa limekwenda na maji. Mabasi mawili ya waombolezaji kutoka Thika yaligeuzia hapo upande wa huku wa mto, watu wakarudi na mashada yao. Mwalimu Kamene, aliyefundisha watoto wa watu miaka ishirini na sita, alizikwa na watu kumi na tisa. Wanne kati yao walikuwa wachimba kaburi.

Mzee hakuwa mtu wa kulialia. Lakini tukisikia tu kwamba fulani amezikwa na umati, alikuwa anainuka anakwenda kusimama nje kidogo, kisha anarudi.

Intaneti ilipoingia dukani mwaka uliofuata, kazi ya kwanza aliyonituma ni kumtengenezea Kamene ukurasa. Picha yake juu, amevaa sweta yake ya kijani, chini yake maisha yake, na chini kabisa namba ya wageni na kitabu cha wageni, mtu aandike jina akitaka. Watu wakauona, wakaanza kuleta marehemu wao pia, ili ndugu walioko ng'ambo wapate habari. Ukawa tovuti kamili, tukaiita Tanzia za Nyumbani. Fundi mmoja wa majeneza akalipia nafasi pembeni, na mwenye kukodisha mahema akalipia nyingine. Lakini ukiifungua, wa kwanza kumwona ni Kamene.

Siku tulipomaliza, Mzee alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ruqayya, mtu akifungua intaneti kwenye kompyuta yangu yoyote, aanzie kwa Kamene. Si watu hutundika picha dukani?"

Ni kweli, maduka mangapi hapa Thika yana picha ya marehemu juu ya kaunta, na ua la plastiki pembeni? Sikuona tatizo. Nikazunguka zile nane za Thika, nikaenda Ruiru nikazirekebisha sita, zote kumi na nne kwa mkono wangu huu. Mwezi wa kwanza wateja walishtuka. Wazee walivua kofia. Vijana wakawa wananiambia, "Aki Ruqayya, huyu mathe ananicheki vibaya." Halafu wakazoea, wakimwona wanampita kwenda kwenye barua zao. Mimi nilizoea kuliko wote. Nikafika mahali sikuwa namwona tena.

Mzee ndiye hakuzoea. Kila asubuhi kabla ya chai alisoma ile namba, akatoa ya jana yake kwenye kidaftari, akaniambia, "Jana wamekuja mia mbili na nne." Au mia moja tisini na nane. Au mia mbili na kumi. Jumatatu namba ilikuwa haijaongezeka vile angetaka kwa siku mbili, lakini alikuwa na jibu lake: "Wikendi watu wako kanisani." Kisha anakunja miwani. "Mia mbili na nne, Ruqayya. Na huko hakuna daraja."

Nilikuwa napenda kumsikia akisema hivyo. Wallahi nilipenda.

Katikati ya mwaka wa elfu mbili sukari ilimshika miguu, akaamua kufunga kazi arudi Kitui akae karibu na kaburi. Saiba zingechukuliwa na mpwa wake. Ukurasa alitaka kuuuza, lakini kwa mtu ambaye atamwacha Kamene pale juu. Nikaukagua kama ninavyokagua wa mtu yeyote. Siku sita, Jumatatu hadi Jumamosi, nikaandika namba duka likifunguliwa na likifungwa. Wastani ukawa mia mbili na tano. Nikatangaza, na chini yake nikaandika yale maneno yangu. Na kweli niliona, macho yangu hayakuwa na kasoro.

Wiki iliyofuata akaingia Mzee Nzioki wa Kalimoni, mfugaji, gambuti zake zina matope ya zizini, na nyuma yake binti yake Mukonyo. Mukonyo alikuwa akishona katika kiwanda cha nguo hapa Thika hadi kilipofungwa. Alikaa nyumbani mwaka mzima, kisha akasoma kompyuta miezi sita. Yeye ndiye aliyeliona tangazo. Babake alikuwa na ng'ombe wawili wa gredi, na hao ndio aliokuwa tayari kuuza ili binti apate kitu cha kushika.

"Msichana wangu," akaniambia, akikalia ncha ya kiti asikichafue, Mzee Kaleli akisikiliza kutoka mezani kwake, "mimi kompyuta siijui. Najua ng'ombe. Nikienda kununua ng'ombe sisikilizi hadithi, nalala hapo hapo kwa mwenyewe. Nione akikamuliwa jioni, nione akikamuliwa asubuhi. Unajua kwa nini?"

"Niambie, baba."

"Kuna watu hawamkamui siku moja nzima. Unafika, unakuta kiwele kimejaa hivi, unaona huyu ni wa debe. Unalipa. Ukifika kwako anakutolea kikombe."

"Hapa hakuna kiwele."

"Hapa kuna namba. Hiyo namba nataka niikalie jioni moja na asubuhi moja."

Nilicheka, lakini nilimpenda papo hapo. Huyu ndiye mnunuzi, nikasema moyoni, si wale wa kununua kwa kuwashwa. Tukapanga Ijumaa jioni, saiba ya Ruiru, kwa sababu huko kuna nafasi ya kukaa.

Walipokuwa wanatoka, Mukonyo akasita. Alikuwa na adabu, sauti ya chini.

"Dada, samahani. Watu mia mbili kwa siku, karibu miaka miwili. Mbona kile kitabu cha wageni kina majina thelathini na nane tu?"

Hapo ndipo ningeshuka chini nikafikiri. Badala yake nikapandisha hasira. Mtu kunihoji mimi, na jina langu liko pale chini!

"Wewe ukienda matanga huwa unatembea na kalamu? Unaandika jina kwa kila jeneza?" Nikacheka, na wateja wawili wakacheka nami. Mukonyo akatazama viatu vyake.

"Nilikuwa nauliza tu, dada," akasema, akamfuata babake.

Ijumaa nilimweka Mzee Nzioki nyuma ya kaunta ya Ruiru, mbele ya kompyuta yangu. Nilimweleza kwamba kila nikifungua ukurasa upya tuone namba, namba hupanda moja, kwa hivyo zetu tutazitoa. Akapenda hilo. Akasema, "Umekagua, wewe." Siku hiyo laini ya simu ya Thika ilikuwa imekufa tangu mchana, kule hakuna intaneti, watu wamerudishwa. Mimi nikaona ni bahati mbaya, mzee wa watu ataona siku dhaifu.

Alitoa punje za mahindi mfukoni, akazipanga kwenye kaunta. Kila mteja aliyeketi, anasukuma punje moja kando.

"Hizo ni za nini, baba?"

"Nisilale tu. Nyumbani huwa nahesabu hivi wenye kuleta mitungi kununua maziwa."

Tulikaa hivyo kuanzia saa tisa hadi saa moja. Akanihadithia ng'ombe wake, yule mkubwa anayeitwa Syombua kwa sababu alizaliwa siku ya mvua, na mdogo asiyependa kukamuliwa na mtu mwingine ila Mukonyo. Akanihadithia mwaka ule wa Mukonyo kukaa nyumbani bila kazi, akiamka saa kumi na moja kwa mazoea na kuvaa sare ya kiwanda, halafu anaivua. "Hilo ndilo linaniuza ng'ombe," akasema. "Nikiona mtoto anavaa sare halafu anaivua."

Saa moja nikasoma namba, nikatoa zetu. Thelathini na tano. Mzee Nzioki akahesabu punje zake, taratibu, kwa kidole. Thelathini na tatu.

Akaangalia punje, akaangalia kioo, uso ukamfunguka wote.

"Asi! Hesabu yako na yangu ni mtu na ndugu yake. Nimewatazama hawa watu. Kila anayeketi, kabla ya shughuli yake, anaanza kumtembelea huyu mama. Kila mmoja! Sijaona watu wenye heshima hivi." Akasimama, akanipa mkono. "Asubuhi sina haja ya kurudi. Nimeridhika. Jumanne mwenye kununua ng'ombe anakuja, jioni yake nakuja na Mukonyo tumalize."

Nikatazama zile kompyuta sita. Kijana mmoja alikuwa ndio anaketi, akabonyeza, na Kamene akatokea na sweta yake ya kijani, na kijana akampita. Namba moja. Ya kwake. Nikamwona Kamene siku hiyo kama mara ya kwanza, na nikaona kazi ya mkono wangu. Yule bwana wa Nairobi aliweka kufuli moja. Mimi niliweka kumi na nne.

Ningesema hapo hapo. Mkono wa mzee ulikuwa bado mkononi mwangu, ningesema, baba, ngoja. Sikusema. Mimi nisiye na subira na mwongo nikapokea mkono, nikasema, "Salimia Mukonyo." Akaenda zake anapiga mluzi.

Nilijiambia sina uhakika. Basi nikajitafutia uhakika. Jumamosi laini ya Thika ilikuwa imerudi, tukafanya kazi, na maduka yote mawili yalipofungwa nikaandika namba. Jumapili hatufungui. Jumatatu nikafika mapema, sikuruhusu mtu kugusa kitu, nikawasha yangu peke yake na kutoa ile moja ya kwangu. Tangu Jumamosi jioni, siku moja na nusu, walikuwa wamekuja watu kumi na sita, yaani kumi na mmoja kwa siku.

Nikakaa nikiitazama hiyo namba. Ningeweza kumpigia simu jirani wa Mzee Nzioki, nimwambie asiuze ng'ombe, kuna hitilafu, basi, na Mzee Kaleli asijue lolote. Abaki na mia mbili wake hadi afe. Nani angeumia? Lakini wiki inayofuata angekuja mwingine, na mwingine, wanasoma jina langu pale chini. Na Mzee Kaleli, mtu ambaye akikurudishia chenji anakuhesabia mara mbili, angekuwa mwizi bila kujua, na mimi ndiye niliyemfanya.

Mzee Kaleli akaingia akichechemea, akavaa miwani, akainama kwenye kioo kabla hata ya kunisalimia.

"Mzee, kaa kwanza."

"Nimekaa kwenye gari tangu nyumbani."

"Kaa, baba."

Sikuwahi kumwita baba. Akakaa.

Nilimweleza. Nilianza vibaya nikarudia. Nikamwambia kile alichoniagiza nifanye ile siku, picha ya dukani, na vile kila mteja akifungua intaneti anahesabiwa kama mgeni hata kama hana habari. Nikamwambia habari ya punje za Mzee Nzioki. Alikuwa ananiitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za wengine, mpaka alipoacha.

"Kwa hivyo wanakuja kusoma barua zao."

"Ndiyo."

"Na Kamene yuko mlangoni tu."

"Ndiyo, baba."

"Wote?"

"Si wote."

"Wangapi si hao?"

Nilitamani angeniuliza kitu kingine chochote duniani. "Kumi na mmoja."

Akavua miwani. Nje mtu alikuwa anagonga mlango, anataka tufungue, nikampigia kelele aende. Mzee Kaleli akafungua kile kidaftari chake, kurasa na kurasa za namba za karibu miaka miwili, akakifunga.

"Kule kaburini tulikuwa kumi na tisa," akasema.

Nikaanza kulia. Yeye hakulia, alikasirika. Sikuwahi kumwona hivyo.

"Kwa nini umeniambia? Eh? Mimi ni mzee, nakwenda zangu Kitui. Ungeniachia hao watu, Ruqayya! Walikuwa wanakusumbua nini?"

"Mzee Nzioki anauza ng'ombe wake kesho, baba. Wote wawili. Kwa sababu ya hao watu."

Mtu wa nje akagonga tena, na safari hii sikumjibu.

"Ni mimi niliyekuambia uweke," akasema mwishowe.

"Na mimi ndiye niliyeweka. Na mimi ndiye niliyeandika nimeona."

"Basi inuka. Unapajua kwa huyo mzee?"

Tulikwenda Kalimoni na pikapu yake, mimi nikielekeza. Tulimkuta Mzee Nzioki zizini anamwosha Syombua kwa ndoo na kitambaa, ili mnunuzi wa kesho amkute anang'aa. Mukonyo alikuwa mlangoni kwa jikoni. Ukutani karibu naye kulikuwa na kibao kipya, rangi haijakauka vizuri: Mukonyo, Matangazo ya Tanzia. Ya Rabi! Nikageuza macho.

Mzee Kaleli alikataa kiti. Alisimama kwenye uzio wa zizi, akashika mti kwa mikono miwili. Nilifikiri ataniachia mimi nieleze, nami nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Hakuniachia.

"Mzee mwenzangu," akasema, "yule ng'ombe niliyekuonyesha alikuwa hajakamuliwa."

Mzee Nzioki akaacha kuosha. Hakuhitaji maelezo zaidi ya hapo.

"Ulijua?"

"Sikujua. Leo ndio nimejua. Lakini alikuwa hajakamuliwa."

"Wale watu wa Ruiru?"

"Ni kompyuta zangu. Zinaanzia kwa mke wangu, mtu apende asipende."

Mzee Nzioki akamtazama ng'ombe, akamwagia maji ya mwisho. "Anatoa ngapi hasa?"

"Kumi na mmoja."

"Kwa siku."

"Kwa siku."

Alifikiria kweli. Aliipa haki yake, nilimwona akihesabu. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana, mzee mwenzangu. Hapo siwezi. Huyu wangu nabaki naye." Akajipangusa mikono, akampa Mzee Kaleli mkono juu ya uzio. "Pole kwa mama. Sikukupa pole siku ile, nilidhani unazo za kutosha."

Mzee Kaleli akashika ule mkono, hakuuachilia upesi.

Mimi nikaenda pale jikoni. Mukonyo alikuwa ameshakigeuza kile kibao, maandishi yametazama ukuta.

"Dada Ruqayya, nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukanichekea mbele ya watu."

"Nilikuchekea. Na wewe ndiye uliyekuwa umeona. Nisamehe, Mukonyo."

Hakusema amenisamehe. Akachukua ndoo akaenda kumkamua yule mdogo asiyetaka mtu mwingine. Hilo nalo lilinistahili, na ninalibeba hadi leo.

Tuliporudi, Mzee Kaleli hakutaka chai. Tukapitia Ruiru kwanza, akaniambia niondoe, nikaondoa Kamene kwenye zile sita, moja moja, kila moja ianzie kwenye ukurasa mtupu. Thika nikaondoa saba. Katikati nilisimama, nikafungua soko langu, nikaenda mahali nilipoandika jina la yule bwana wa kufuli. Chini yake nikaandika: Ruqayya Ali, Thika. Alithibitisha wageni mia mbili na tano, hawakuwepo. Herufi kubwa zilezile.

Nilipofika ya nane Mzee akanishika bega.

"Hii niachie."

Nilidhani anataka ibaki vilevile. Sivyo. Alisubiri niondoe, kisha akaketi mwenyewe, akavaa miwani. Karibu miaka miwili na hakuwahi kuandika anwani ya ukurasa ule hata siku moja, kwa sababu ulikuwa unajileta. Sasa akaitafuta herufi moja moja kwa kidole, akikosea, akifuta, akiniuliza nukta iko wapi. Sikumsaidia ila hapo kwenye nukta. Laini ilikuwa nzito jioni ile. Kamene alikuja polepole kutoka juu, nywele, paji la uso, macho, kola ya sweta. Chini, namba ikapanda moja.

Alimtazama hadi akatosheka.

"Andika tangazo jipya," akaniambia.

Nikaandika: Tanzia za Nyumbani inauzwa. Wageni kumi na mmoja kwa siku.

"Kumi na wawili," akasema. "Na mimi nitakuwa nakuja. Kitui nikipata kompyuta nitakuja, nisipopata nitapanda basi nije hapa."

"Basi mnunuzi lazima ajue mmoja ni wewe, baba. Asije akalipia."

"Haki yake. Mwandikie."

Nikafuta, nikaandika upya, na maneno yangu ya chini sikuyaweka tena. Tangazo lilikaa hivi, na lilikaa muda mrefu: Wageni kumi na wawili kwa siku. Mmoja wao ni mume wa marehemu. Huyo hauzwi.